Mpimaji Aliyegeuka Mtawala

Wasomaji wetu walioko Tunduma huvuka kwenda Nakonde na kurudi kabla ya chakula cha mchana, na wengi wana wajomba ng'ambo ya pili, kwa kuwa Wanyamwanga ni kabila moja pande zote mbili. Ni haki yao kujua mpaka huo ulitoka wapi.

Ulitoka Berlin. Tarehe 1 Julai, 1890, Mwingereza na Mjerumani walipatana kugawana nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika: kwanza mto Songwe, halafu mgongo wa nchi unaogawa maji, haya yakishuka Rukwa, yale yakienda Chambeshi hata Kongo. Mwaka 1898 ndipo Kapteni Close na Kapteni Herrmann walipofika na vyombo vyao kuupima ardhini mstari uliokwisha kukatwa mezani.

Katika miaka hiyo hiyo Lawrence Wallace, mhandisi wa reli aliyetoka Afrika Kusini, alikuwa akizipima nyanda hizi za juu. Alikuwa hodari; hatumnyimi haki yake. Lakini na tutazame kazi hiyo ilimfikisha wapi. Mwaka 1907 aliwekwa kuitawala Rodeshia ya Kaskazini-Mashariki, na tangu 1911 hata 1921 Rodeshia ya Kaskazini yote, kwa niaba ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Kusini. Ndiyo, kampuni! Watu wazima na watoto wao walitawaliwa na wenye hisa.

Ramani haikuwa ya wasafiri tu. Aliyejua kijiji kilipo alijua pia pa kumpeleka mtoza kodi. Na kodi hiyo, shilingi 3 kwa kila nyumba, ilianza upande ule mwaka 1901. Asiyekuwa na fedha alikwenda kuitafuta migodini, kusini. Vita vilipozuka mwaka 1914, njia za mpakani zilijaa wapagazi, waliochukuliwa kwa maelfu kubeba vyakula na risasi za majeshi ya Mwingereza. Wengi hawakurudi. Wallace alitunukiwa cheo cha "Sir". Wapagazi hata majina yao hatukuachiwa.

Mpaka ungalipo. Julai 1964, mjini Cairo, Mwalimu Nyerere aliwaomba wakuu wenzake wa Afrika waiheshimu mipaka waliyorithi, si kwa kuipenda, bali kwa kuepuka vita vya ndugu kwa ndugu, nao wakakubali. Mwaka 2019 Tanzania na Zambia zilifungua kituo cha pamoja Tunduma na Nakonde, ili dereva wa lori akaguliwe mara moja badala ya mbili.