Ophelia na Sauti Iliyozama

Miongoni mwa wanawali wa tungo za huzuni waliopata kuchorwa, hapana aliyeushika moyo wangu kama Ophelia wa Shakespeare, binti mtiifu aliyekataliwa na Hamlet aliyempenda, akafiwa na baba kwa upanga wa Hamlet yuyo huyo, akarukwa na akili, kisha akazama mtoni. Katika tamthilia ya Hamlet mauti yake hayaonekani jukwaani; Malkia Gertrude huja akayasimulia tu, na masimulizi hayo mafupi yakawashughulisha wachoraji wengi, akiwamo Delacroix wa Ufaransa na Waterhouse wa Uingereza.

Aliyewapita wote, kwa nadhari yangu, ni John Everett Millais, ambaye picha yake ya mwaka 1851 hadi 1852 imehifadhiwa katika jumba la sanaa la Tate Britain, London. Binti amelala chali majini, viganja vimekunjuka, shingoni ana mkufu wa maua ya urujuani, alama ya uaminifu na ya kufa kijana, na midomo yake i wazi kidogo, hata mtazamaji asiweze kukata shauri kama angali akiimba au ndiyo pumzi ya mwisho.

Mto na majani Millais aliyachora kando ya Hogsmill, Surrey, kisha akarejea London kumchora binti. Aliyelala mahali pa Ophelia ni Elizabeth Siddal, ndani ya hodhi la maji yaliyopashwa moto kwa taa zilizowekwa chini yake. Yasimuliwa kwamba siku moja taa zilizimika, mchoraji asitambue kwa kuzama katika kazi yake, naye Elizabeth asilalamike, akaugua kwa baridi hata baba yake akadai gharama za tabibu.

Hapo ndipo mahaba yangu kwa picha hii yanapochanganyika na majonzi. Siddal mwenyewe alikuwa mchoraji na mshairi. Alifariki mwaka 1862 kwa kunywa laudanamu, dawa yenye afyuni, kupita kiasi, na hata leo hutajwa zaidi kwa kulala hodhini kuliko kwa kazi ya mikono yake. Ophelia naye, ambaye katika wazimu wake alisimama mbele ya mfalme na malkia akaimba na kugawa maua yenye maana chungu, hukumbukwa kwa kimya chake majini.

Basi atakayejaliwa kuiona picha hii na aistaajabie, kwani yastahiki. Lakini pia aisome tamthilia, na azitafute picha na mashairi ya Siddal, maana huzuni isifuyo uzuri wa maiti bila kujali sauti ya aliyekuwa hai ni huzuni pungufu.