Mshiko umetumwa, akaunti kavu!

Wiki hii tuteremke hadi Kyela, pale Ipyana, jina ambalo kwa Kinyakyusa maana yake ni neema. Lakini hebu muulize mkulima aliyeuza kakao, akaambiwa na chama "wewe umeshalipwa", kisha akaenda benki akakuta akaunti kavu kama gunzi. Neema iko wapi hapo, na mtoto anasubiri nauli na vifaa vya kwenda kidato cha tano?

Mambo yenyewe yako hivi. Siku hizi kakao ya Kyela inapelekwa AMCOS, inapimwa, inaingia ghalani na kupigwa mnada. Mnunuzi akishalipa, hela haiji kwenye mfuko wa rambo. Inapita benki hadi kwenye akaunti ya kila mkulima. Safi kabisa! Ila orodha ya malipo ikikosewa tarakimu moja tu, mshiko wako unagonga mwamba na kurudi ulikotoka.

Enzi za hundi, ikirudi hundi mwandishi wake alionekana tapeli, maana mara nyingi akaunti yake haikuwa na kitu. Malipo ya kielektroniki yakirudi, usikimbilie kumwita mtu mwizi. Mara nyingi hela ipo, ila ilikotumwa ndiko kuna kasoro.

Wachawi wakubwa ni watatu. Wa kwanza ni namba ya akaunti iliyokosewa. Wa pili ni jina. Kwenye daftari la chama mama anaitwa Tupokigwe, kwenye kitambulisho cha NIDA ni Elizabeth. Benki itajuaje kuwa ni mtu mmoja? Wa tatu ni akaunti iliyolala. Uliifungua, ukaitumia mara mbili, ukaitelekeza. Nayo imekununia.

Sasa sikia, mshikaji. Usiende kumfokea keshia wa benki yako. Hela iliyorudi hana yeye! Imerudi upande wa aliyetuma. Kwa hiyo anza na katibu wa chama, au mwajiri kama ni mshahara. Muombe namba ya muamala, tarehe, na sababu ya kurudi kama benki yake ilivyoiandika. Bila sababu hiyo mtarusha hela mara ya pili na itarudi tena.

Ukishaijua, tibu ugonjwa kwanza. Akaunti imelala? Nenda tawini na kitambulisho, waiamshe. Jina limegongana? Rekebisha orodha ya chama ifanane na benki, herufi kwa herufi. Ndipo itumwe upya. Na usiende mikono mitupu: chukua risiti ya mizani na nakala ya taarifa ya akaunti.

Ubaya zaidi ni hela ikiingia kwa mtu mwingine. Kwenye TISS, mfumo wa Benki Kuu ulioanza 2004, malipo yakishakamilika hayafutwi. Kuirudisha ni safari nyingine kabisa. Kwa hiyo wahi kutoa taarifa siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo ukikosea namba kwenye simu: pigia kampuni yako mara moja, kabla aliyepokea hajaitoa.

Benki ikikuzungusha njoo kesho, njoo keshokutwa, andika malalamiko kwa barua na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Ikishindikana, Benki Kuu ina dawati la malalamiko ya wateja, na tawi lake lipo Mbeya mjini.

Mwisho, jihadhari na matapeli. Wakisikia malipo yamerudi, wanapiga simu wakijifanya watu wa benki, wanataka namba ya siri. Benki haiombi namba ya siri hata siku moja. Wachome kwa kutuma namba zao kwenda 15040.

Kwa hiyo, kijana wa Ipyana, kabla msimu haujafunguliwa, mshike bibi mkono, nendeni chamani mkasome jina na namba yake kwenye orodha. Ni kazi ya dakika tano. Tukutane wiki ijayo!