Tuunde programu ya picha (3): Kisanduku hubadilika, chaguo hubaki

Katika sehemu mbili zilizotangulia tuliandaa dirisha la programu yetu, kisha tukaiwezesha kusoma folda na kutoa orodha ya faili za picha. Leo orodha hiyo tunaigeuza gridi ya vijipicha ambavyo mtumiaji anaweza kuvichagua, kimoja au vingi, kwa kipanya au kwa kibodi.

Tuchukue mfano wa mpiga picha wa harusi. Folda ina picha 600, na bibi harusi amekuja na shangazi zake kuchagua 40 za kuweka kwenye albamu. Watazipitia juu hadi chini, watabishana, watarudi walikotoka. Muda wote huo programu haina ruhusa ya kusahau hata chaguo moja.

Tuanze na memori. Picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000 ina pikseli milioni 12. Ikiwa ni JPEG, kwenye diski huenda ikawa na megabaiti chache tu kwa kuwa imebanwa. Lakini ili ionekane ni lazima ifumuliwe, na kila pikseli kwa kawaida huchukua baiti 4. Hapo picha moja imekula megabaiti 48, na picha 600 zitataka karibu gigabaiti 29. Kijipicha cha pikseli 200 kwa 150 kinahitaji baiti 120,000. Vyote 600 ni megabaiti 72. Kwa hiyo gridi ishughulike na vijipicha tu, na picha kamili ifunguliwe pale mteja anapotaka kuitazama kwa ukubwa wake.

Namna ya kukipata kijipicha nayo ina hesabu yake. JPEG huigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, ndiyo maana maktaba za kuisoma zinaweza kuifumua moja kwa moja kwa nusu, robo au thumuni ya upana wake. Kwa thumuni, picha yetu hutoka na pikseli 500 kwa 375, na kuipunguza zaidi kutoka hapo ni kazi nyepesi. Usisahau pia kwamba kamera huandika ndani ya faili jinsi ilivyoshikwa wakati wa kupiga. Taarifa hiyo ya Exif huwa na mojawapo ya thamani 8, na programu isiyoisoma itamlaza bibi harusi ubavu.

Kijipicha kikishatengenezwa, kihifadhiwe. Kwenye Linux kuna utaratibu unaofuatwa na programu nyingi: vijipicha hukaa katika folda ya .cache/thumbnails ya mtumiaji, vya kawaida vikiwa na pikseli 128 na vikubwa 256, na jina la kila kimoja hutokana na anwani ya faili yake iliyopitishwa kwenye kanuni ya MD5. Ndani yake huandikwa pia muda faili ilipobadilishwa mara ya mwisho. Muda huo usipolingana na wa faili yenyewe, kijipicha kimepitwa na wakati, na kingine hutengenezwa.

Sasa tuingie kwenye gridi. Tutatumia GTK, maktaba huria iliyozaliwa kwa ajili ya GIMP, programu ya kuhariri picha. Toleo la 4, lililotoka Desemba 2020, lina kifaa kiitwacho GridView. Kwa picha 600, GridView haitengenezi visanduku 600. Hutengeneza vinavyotosha eneo linaloonekana, pamoja na vya akiba. Mtumiaji akishuka chini, kisanduku kilichotoweka juu huvuliwa picha yake na kuvishwa nyingine.

Hapo ndipo makosa mawili huingia. La kwanza ni la picha inayochelewa. Kisanduku kimeomba kijipicha cha faili ya 12. Kabla hakijafika, mtumiaji ameteremka na kisanduku kilekile sasa ni cha faili ya 312. Kijipicha cha 12 kinafika na kukaa mahali pasipo pake. Dawa ni kuuliza kabla ya kuchora: je, kisanduku hiki bado ni cha faili niliyotumwa? Kama sivyo, matokeo yaende kwenye akiba ya vijipicha na kisanduku kiachwe. Wala usikimbilie kufumua picha kwenye mkondo uleule unaochora dirisha ili kukwepa tatizo hili. Skrini ya kawaida huchorwa mara 60 kwa sekunde, yaani kila mchoro una takriban milisekunde 16, na picha moja kubwa huumaliza muda huo kwa urahisi. Dirisha litaganda.

Kosa la pili ni kuandika chaguo kwenye kisanduku. Konda anayekumbuka waliolipa kwa kutazama viti badala ya abiria atamdai nauli aliyekwisha lipa na kumwacha aliyepanda sasa hivi. Alama ya “imechaguliwa” ikibaki kwenye kisanduku, itahamia kwa picha ambayo hakuna aliyeigusa. Kwa hiyo machaguo yakae pamoja na orodha. GTK ina MultiSelection kwa kazi hiyo, na kisanduku huuliza hali yake kila kinapovishwa picha. Ukiyahifadhi kwenye diski, andika njia ya faili. Ukiandika namba ya nafasi, picha zikipangwa upya kwa tarehe, picha ya 7 haitakuwa tena ya 7.

Uchaguzi wenyewe una kanuni ambazo vidole vya watumiaji vimeshazizoea. Bofyo moja huchagua picha hiyo na kuacha nyingine. Ctrl na bofyo huongeza au huondoa moja. Shift na bofyo huchagua kuanzia nanga, yaani picha iliyobofywa mwisho bila Shift. Bofya ya 5, kisha Shift na ya 12: umepata picha 8. Sasa Shift na ya 9: zibaki 5, kuanzia ya 5 hadi ya 9, kwa sababu nanga haikusogea. Kuzungushia picha kwa kuburuta kipanya kupo pia kwenye GridView, ila huja kumezimwa. Ni juu yako kuuwasha uwezo huo. Vilevile safu zake hukomea 7 usipobadilisha, jambo utakaloliona kwenye skrini pana.

Alama ya uteuzi isitegemee rangi pekee. Mstari wa buluu hupotea kwenye ukumbi uliopambwa kwa buluu, na wapo wasiotofautisha rangi vizuri. Weka tiki pembeni, na chini ya dirisha andika idadi: “Umechagua 37 kati ya 600.”

Kabla ya kuendelea, ijaribu kazi yako. Chagua picha tatu mbalimbali, teremka hadi mwisho kwa kasi, panga upya kwa jina, kisha rudi juu. Zile tatu, na hizo tu, ziwe na tiki. Zikiwa nyingine, tafuta mahali ulipokiachia kisanduku kumbukumbu isiyo yake.

Sehemu ya 4: kunakili picha zilizochaguliwa kwenda folda ya albamu bila kufuta zenye majina yanayofanana.