Rupia za Mjerumani na michoro ya Kolo

Wapo wanaopanda milima ya Kondoa na sururu wala shida yao si michoro ya kale ya miambani. Wanatafuta mali inayosemekana Mjerumani aliifukia aliposhindwa vita. Kwao, alama nyekundu kwenye mwamba ni ramani, na palipochorwa hapakosi rupia. Wanachimba papo hapo, chini ya mchoro. Hata Mungomi wa Kolo, pango mashuhuri kuliko yote, halikuwaepuka.

Rupia hawapati. Wanachovuruga ni udongo wenyewe. Chini ya miamba ile kuna vipande vya mawe yaliyochongwa, makaa na rangi, vimelala tabaka juu ya tabaka, na mwanaakiolojia husoma umri wa mahali kwa mpangilio huo. Ukishapinduliwa haurudishiki, hata shimo lifukiwe kwa ustadi gani.

Juu ya udongo huo, kwenye mwamba, wamechorwa watu warefu wembamba, twiga, tembo na pofu. Mwanaakiolojia Mary Leakey alianza kuinakili michoro hiyo mwaka 1951 pamoja na mumewe, na kitabu chake cha 1983 kiliiita sanaa inayotoweka. UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2006, katika eneo la kilomita za mraba 2,336.

Sehemu ya eneo hilo ni hifadhi za misitu, zikiwemo Isabe na Salanka. Hapo ndipo penye utata. Afisa misitu ana Sheria ya Misitu ya 2002 na anahesabu miti. Mtu wa mambo ya kale ana sheria yake ya 1964 na anatazama mwamba. Lakini mti uliokatwa kwa mkaa mbele ya pango ndio uliokuwa ukizuia jua, vumbi na mvua ya upepo. Ukiondoka, mwamba unabanduka na mchoro unakwenda nao. Kondoa inajua gharama ya ardhi tupu: mradi wa HADO wa kuhifadhi ardhi ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa ili makorongo yaote majani.

Kisha wapo wazee. Mungomi bado panafanyiwa tambiko la mvua na uganga, na pombe inayomwagwa hapo huwaudhi wahifadhi, kwa haki, maana inachafua michoro. Hata hivyo sioni busara ya kuwafukuza. Anayeiogopa mizimu hapeleki shoka pale, na mlinzi wa serikali hawezi kuwa kwenye kila jabali. Enzi za ukoloni baadhi ya mapango yalizungushiwa wavu; haukudumu. Afadhali wahifadhi wakae na wazee wakubaliane pombe imwagwe wapi.

Na ulinzi unaweza kuwa mikononi mwa wanakijiji wenyewe: jirani zao wa Babati walionyesha njia miaka ya 1990, pale vijiji vilivyozunguka msitu wa Duru-Haitemba vilipokabidhiwa kuusimamia, vikaweka walinzi wao na faini zao. Sheria ya 2002 inaruhusu hivyo. Kwa Kolo, kinachohitajika zaidi ni kijiji kupata fungu katika kiingilio cha mgeni, ili kijana mwenye sururu akamatwe na watu wa kwao.