Toleo la Majaribio na Akiba ya Watu

Programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake, zile amri zilizoandikwa na watengenezaji, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza, hupitia matoleo ya majaribio kabla ya kukamilika: alfa, ambayo bado inabadilika sana; beta, ambayo inatafutiwa kasoro; na toleo pendekezwa, ambalo huwa rasmi lisipoonekana na dosari. Kijana wa Cimpunda, katika komine ya Kadutu mjini Bukavu, akiwa na kompyuta na intaneti, anaweza kulipakua siku ileile pamoja na mhandisi wa California.

Mfano ulio wazi ni Fineract, programu ya kutunza hesabu za akiba na mikopo midogo, iliyotokana na Mifos, mradi ulioanzishwa na Grameen Foundation, na ambayo tangu mwaka 2017 ni mradi kamili wa Apache Software Foundation. Kwa sera ya taasisi hiyo, toleo lolote linalotolewa kwa umma, hata likiitwa beta, lazima lipigiwe kura na kamati ya mradi: zipatikane angalau kura 3 za wajumbe za kukubali, nazo zizidi za kukataa, na kwa kawaida kura hubaki wazi saa 72 ili walio katika majira tofauti ya dunia wapate nafasi. Kabla ya kukubali, mjumbe hupakua msimbo kwenye kompyuta yake, huhakiki saini ya kidijitali inayothibitisha kwamba faili halikubadilishwa, kisha huijenga programu na kuijaribu. Vifurushi vinavyojengwa kila usiku bila kura ni vya watengenezaji tu, wala havitangazwi kwa umma.

Ukali huo ni wa haki, kwa sababu mwanachama wa koopeki, ushirika wa akiba na mikopo, hakukubali fedha zake ziwe uwanja wa majaribio. Visakinishi vya vifurushi navyo husaidia: pip, kisakinishi cha lugha ya Python, kwa kawaida hukiruka kifurushi chenye namba kama 2.0rc1, ambapo rc humaanisha toleo pendekezwa, mpaka mtumiaji akiombe.

Asiye mjumbe anaruhusiwa pia kupiga kura. Kura yake haihesabiwi katika zile 3, lakini akionyesha kwamba umeme ukikatika katikati ya malipo hesabu huharibika, msimamizi wa toleo anaweza kuusitisha upigaji kura na kuandaa toleo pendekezwa jingine.