Maziwa ya Mgando: Chemsha Kwanza, Gandisha Baadaye



Mtwara haikuwa nchi ya ng'ombe wengi. Mbung'o waliwazuia wazee wetu kufuga, na kitoweo chetu kikawa samaki, kunde na mbaazi. Siku hizi mambo yanabadilika. Wapo wenye ng'ombe wa maziwa bandani, wapo wenye mbuzi, na wafugaji walioondolewa bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007 wengi walielekea kusini, hasa Lindi, pamoja na mifugo yao. Kwa hiyo maziwa yanafika katika nyumba ambazo hazikuyazoea, nasi tunapaswa kujua namna ya kuyatumia.

Faida ya mtindi

Utasikia mtu akisema, "Mimi maziwa yananisumbua tumbo." Anasema kweli. Watu wazima wengi hawawezi kusaga vizuri sukari iliyomo ndani ya maziwa, hivyo tumbo hunguruma na kuharisha. Katika mtindi, vijidudu vyema vimekwisha kula sehemu ya sukari hiyo na kuigeuza kuwa uchachu. Ndiyo maana wengi wanaoshindwa maziwa matamu huweza kunywa mtindi. Protini na madini ya kujenga mifupa hubaki humo. Tui la nazi, ingawa ni jeupe na tamu, halina vitu hivyo kwa wingi wa namna hiyo.

Uchachu hautoshi

Hatari ni hii: watu wengi huacha maziwa mabichi yagande yenyewe, wakiamini kwamba yakichacha yamekuwa salama. Sivyo. Vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe, na vya ule ugonjwa unaofanya mifugo itupe mimba, vinaweza kubaki hai ndani ya mtindi. Ugonjwa huo wa pili humpa binadamu homa inayokuja na kuondoka, jasho jingi usiku, na maumivu ya viungo na kiuno. Mgonjwa hudhani ni malaria, anameza dawa, na homa inarudi.

Mnakumbuka kisiwa cha Malta, ambako jahazi la Mtume Paulo lilivunjika. Huko askari wa Uingereza waliugua homa hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 1905 daktari wa kisiwani, Themistocles Zammit, aligundua kwamba inatoka kwa mbuzi wanaoonekana wazima kabisa. Mwaka 1906 askari walipoacha kunywa maziwa mabichi ya mbuzi, homa ilipungua mno kati yao.

"Lakini yakichemshwa hayagandi, yanaoza!" Malalamiko hayo ni ya haki. Moto huua vijidudu vibaya pamoja na vile vyema vya kugandisha. Dawa yake ni kurudisha vile vyema kwa kutumia mbegu, yaani mtindi kidogo uliokwisha kuwa tayari.

Namna ya kutengeneza

1. Osha sufuria, mwiko na chombo cha kugandishia kwa sabuni, kisha uvimwagie maji yanayochemka.

2. Chuja lita 1 ya maziwa kwa kitambaa safi. Chemsha huku ukikoroga. Yakifura, punguza moto, yaache yachemke dakika chache zaidi. Asiye na ng'ombe achanganye kiasi cha gramu 125 za maziwa ya unga na lita 1 ya maji yaliyochemshwa.

3. Funika, weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi, mpaka maziwa yabaki vuguvugu. Yakiwa moto yataua mbegu.

4. Tia vijiko 2 vya chakula vya mtindi usiotiwa sukari wala ladha, wa dukani au wa jirani anayechemsha maziwa yake. Mbegu iliyotoka kwenye maziwa mabichi itarudisha hatari ileile uliyoiondoa.

5. Koroga, mimina katika chombo cha kioo, kauri au plastiki ya chakula, funika, na usikitikise. Kwa joto letu la pwani, ukiweka jioni, kesho asubuhi au mchana yatakuwa yameganda.

6. Kabla ya kunywa, toa vijiko 2 safi viwe mbegu ya kesho. Asiye na jokofu atengeneze kiasi cha kumalizika siku hiyohiyo.

Ukiona ukungu, rangi ngeni, mapovu au harufu ya uozo, mwaga. Maziwa ya ng'ombe aliyechomwa sindano ya dawa yasinywewe mpaka siku alizotaja mganga wa mifugo zipite. Mara nyingi hata kuganda hukataa.

Mtoto chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama tu. Baada ya hapo mtindi wa maziwa yaliyochemshwa waweza kutiwa katika uji wake uliopoa, huku akiendelea kunyonya. Wajawazito na wenye virusi vya UKIMWI wasiguse kabisa maziwa mabichi. Mwenye homa isiyokoma aende hospitali, na amweleze mganga kwamba hunywa maziwa au hukaa na mifugo.

Akina mama na akina baba, jaribuni lita moja wiki hii. Anayefaulu awagawie mbegu wenzake wa jumuiya, na awaambie pia habari ya kuchemsha.