Santrali ya sendika ikae mu buro ya sendika

Usiku, mtumikaji akiumia, jamaa inapiga telefone kwa delege mmoja. Kama amelala, ao batri imekwisha, habari inakufia pale pale. Ile njo sababu, ndugu watumikaji, sisi wa sendika tunasema: tuwe na santrali yetu, mashini ya kupokea mwito na kuugawa, ndani ya buro yetu wenyewe.

Santrali ya leo si kabati la nyuzi tena. Ni programu. Inayojulikana sana ni Asterisk, ile Mark Spencer wa Marekani alianza mu 1999, inachukuliwa bure. FreePBX njo inaipa kurasa za kuiongoza kwa kubonyeza tu.

Tafuteni ordinatere ndogo, hata ya okazyo, ya kazi ile moja. Musitie mule filme wala miziki. Kwanza mutie Debian 12. Muangalie, diski inafutwa yote. Halafu FreePBX 17. Siku ya kutia, intaneti inahitajika. Kisha pale, mwito wa ndani ya buro hauiombi tena. Mashini muifunge na kamba ku ruta, muipe adresi isiyobadilika. Adresi ikibadilika, telefone za buro zinaipoteza.

Kwa mwito wa inje, munahitaji kisanduku cha kadi SIM, mbili ao zaidi: moja inapokea jamaa, ingine inatafuta delege kwake nyumbani. Wa kwanza asipojibu, mwito unaenda kwa wa pili, kisha wa tatu. Mutie na sharti la kubonyeza 1 mbele ya kupokea. Bila ile, repondere ya delege inaweza kujibu mu nafasi yake, na mwito haufiki kwa wengine.

Kuran ikikatika, yote inanyamaza. Basi batri moja ibebe vitu vitatu: ordinatere, ruta na kisanduku. Musifungue santrali ku intaneti kama hakuna lazima. Wezi wanatafuta mashini zenye neno la siri jepesi, wanapiga inchi za mbali, na franka zinatoka mu mfuko wenu.

Kuko jambo lingine la kuamua mu mkutano: programu hii inaweza kurekodi sauti. Mwanachama anayelalamikia mkubwa wake wa kazi lazima ajue kama anarekodiwa, na nani atasikiliza. Neno la siri lijulikane na watu wawili, hapana mmoja.

Tena tusidanganyane: telefone hii haishuki shimoni. Radio ya chini na kengele ya hatari ni mzigo wa mwajiri, na tutaendelea kumudai. Yetu ni kuhakikisha mama mwenye kuuliza habari ya bwana yake saa nane ya usiku anapata mtu. Kila juma mutu mmoja apige toka inje, ajaribu. Kama hakuna anayejibu, musingoje kesho.